Asilimia Tatu

Kaz alizibandika utepe kadi zetu mbili:
mwekundu wa dawa, kijani wa chakula,
maana macho yangu hayasomi tena maandishi ya benki
na mkono wangu, mbele ya kaunta, hutangulia akili.
"Nyekundu kwa mfamasia, kijani kwa viazi.
Ukizichanganya, Halina, umewaachia senti zetu
watu wasiojua hata tunaishi wapi."

Tunaishi Erie, nyumba ya tatu kutoka kwenye reli.
Miaka thelathini na tisa alifunga nati za vichwa vya treni,
akastaafu na goti bovu
na saa ya ukutani inayochelewa dakika nne.
Moyo nao ukaiga saa.

Ndipo dawa zikaja. Ya kutoa maji. Ya kuifanya damu nyepesi.
Na kile kidonge kidogo, rangi ya waridi,
dola mia tatu na kumi na mbili kwa mwezi,
baada ya bima kunyoosha mkono
na kuurudisha mfukoni.
Niliposikia bei nilishika ukingo wa kaunta.
Kaz akachomoa kalamu sikioni,
akapiga hesabu mgongoni mwa mfuko wa dawa:
"Asilimia tatu. Tisa na senti thelathini na sita. Inarudi."

Inarudi! Kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
na yeye hakutaka senti iondoke bila kuaga.
Daftari lilikaa juu ya friji, kamba shingoni:
maziwa, mkate wa rai, kabichi, asilimia mbili;
vidonge, sindano, pamba, asilimia tatu;
na kila tarehe kumi na nne, kwa herufi kubwa, LIPA YOTE,
kwani salio, alisema, ni panya.
Ukimlaza ghalani usiku mmoja
asubuhi unamkuta na wajukuu.

Mwaka ule wa pili alizidiwa, na marejesho yakanona.
"Nikiugua vizuri," akaniambia, kofia ya sufu imemfunika nyusi,
"tutapata tosta mpya kabla ya Krismasi."
Novemba tukapata tosta.
Sikujua nicheke au nilie, nikachoma mkate.

Alikwenda Februari, theluji ya ziwani imeziba mlango,
siku mbili baada ya kuchukua dawa za siku thelathini.
Nilivipeleka vidonge ishirini na nane kwa Thuan, mfamasia.
Akavihesabu, ingawa hakuhitaji kuvihesabu.
"Dawa iliyotoka haipokelewi kuuzwa tena," akasema,
sauti ya chini, kama anayeungama.
Akavitia kwenye sanduku la kuteketezwa.

Benki, hata hivyo, hakuna aliyeiambia.
Machi bahasha ikaja, jina lake dirishani,
na ndani, chini kabisa, pale alipopenda kuweka kidole:
dola tisa, senti thelathini na sita.
Niliisoma nimesimama, koti mwilini.
Ilikuwa imerudi, kama alivyosema.
Yenyewe tu.

Jana nilikwenda kununua chakula cha mtu mmoja.
Kikapu kilikuwa chepesi mpaka nikaona haya kukibeba.
Nikaongeza chupa ya matango ya siki,
yale yenye chumvi aliyokatazwa,
yale aliyoyatazama miaka miwili
kama mtu anayeangalia picha za ujana wake.

Mbele ya mashine nikafungua pochi.
Kijani ilikuwa juu. Niliiona vizuri.
Nikatoa nyekundu.
Kwa makusudi.
Nilitaka kusikia mtu akinikaripia.

Mashine ikalia mara moja.
Msichana akauliza kama nahitaji mfuko.