Tiketi ya Pili

Feri ya alfajiri imenitapika hapa Lipsi,
mimi na sanduku lenye gurudumu moja bovu
linaloburuzika mawe kwa mawe
kama mbuzi aliyeshtukia machinjio.

Gati ni fupi. Ukipiga chafya mwanzoni
wa mwishoni wanakuombea afya.
Paka saba, mkahawa mmoja,
pweza wameanikwa kwenye waya kama soksi za mtoto.
Na meli yetu ile, nyeupe, nje ya ghuba,
imekipita kijiji kwa ukubwa. Haiingii.
Mashua itatufuata saa nne.

Miaka kumi na mmoja Thanasis alitia sarafu
katika mkebe wa biskuti, juu ya tanuri letu la mikate kule Larisa.
Haba na haba, alisema, unga masikioni.
Mkebe ulijaa Februari.
Machi nikamzika.
Tiketi zilikuwa mbili, na pesa hazirudishwi.

Namuuliza mdaka kamba, Sevastos jina lake:
Umewahi kupanda?
"Nimefunga kamba miaka thelathini, bibi.
Kupanda, hata mara moja."
Namnyoshea ile ya pili.
Anaisoma polepole, jina la marehemu kwa sauti,
anaikunja, anaitia mfukoni mwa koti langu.
"Na mkirudi, nani atadaka?"

Mashua imekuja. Ananishika kiwiko, nashuka.
Nimekaa kushoto. Kulia nikaweka mkoba,
kisha nikautoa,
nikaupakata.