Mkaa wa Sado

Daftari la kaunta nililonunua sokoni Kachoma
mbele lina madeni ya asali.
Nimeligeuza, nikaanzia nyuma:
Tabora, Sikonge, Rungwa, Chunya, Mbeya.
Tunduma: foleni siku moja, labda mbili.
Lusaka, kwa binamu yake Mihayo, godoro chini.
Sesheke, daraja, Katima.
Kisha mstari mrefu wa kalamu usio na mji wowote
mpaka Windhoek,
ambako mume wangu anachimba visima
na kuniandikia kwamba mvua kule ni habari ya gazetini.

Pasipoti mbili zinahitajika. Yangu imetoka.
Ya Sizya imekwama kwenye cheti cha kuzaliwa
kwa sababu pale mimi ni Nyanzara,
na kwingine kote mimi ni Nyanzala.
Karani wa Uhamiaji aliitazama herufi ile
kama mtu anayetazama nzi kwenye chai.
"Nenda wilayani, mama, warekebishe. Kisha urudi."
Nimekwenda. Nimerudi. Nimekwenda tena.
Herufi moja imenila nauli ya kunifikisha Mbeya.

Cherehani inauzwa. Kabati la vyombo linauzwa.
Kitanda kisubiri, tutakilalia mpaka usiku wa mwisho,
alfajiri Kashindye aje na mkokoteni
akikute bado kina joto.
Mizinga kumi na tisa ya baba, kule msituni Ipole,
nimeiandika, nikaifuta, nikaiandika.
Nani hununua mzinga wenye wenyewe ndani?

Baba alinifundisha kuusoma mzinga
kabla sijajua a, e, i, o, u.
Usitazame asali, alisema, asali hudanganya.
Simama mlangoni, tazama miguu.
Nyuki anayeingia na chavua miguuni
ana watoto ndani, huyo yupo.
Siku ukiona wanaingia miguu mitupu,
wanatoka, wanaingia, shughuli ileile, mlio uleule,
jua wameshaacha kulea.
Wanakula akiba.
Siku chache baadaye ukigonga gome
litakujibu gome.

Sizya nimemkataza kusema.
Anatembea na siri ile kama pipi shavuni,
shavu limevimba, na mtaa mzima una macho.

Mama sijamwambia.
Nilipanga baada ya Pasaka,
kisha baada ya kung'oa karanga,
kisha pasipoti ikitoka.
Daftarini ameandikwa MAMA, herufi kubwa,
na mbele yake, penye tarehe, nimechora chora
mpaka karatasi ikatoboka.

Juzi alikuja Isevya, kuku kampakata.
Nilimkuta kwenye kigoda, nimetoka sokoni.
Akasema joto. Akasema goti.
Akasema ushuru wa mnadani, wezi watupu.
Jicho likawa linatembea peke yake,
likafika nyuma ya mlango
pale gunia la mkaa liliposimama miaka yote
kama mgeni asiyejua kuaga.
Pana sado moja, nayo imefika nusu.
Likapanda rafuni: unga kilo mbili,
kipande cha sabuni, mafuta ya kupima.
Likarudi kwangu.
Likatazama mikono,
huu, kisha huu.

"Siku hizi mnanunua mkaa kwa sado."

Nikasema bei imepanda.

"Ndiyo," akasema. "Bei."

Nje muuza maji alikuwa anapita na madumu yake,
tukamsikiliza wote wawili mpaka akaisha.
Mama akainama, goti likalia,
akamfungua kuku kamba mguuni,
taratibu, fundo baada ya fundo,
akaikunja ile kamba, akaitia kwenye pindo la kanga.

"Huyu nilimleta aje atage," akasema.
"Lakini mchinjeni tu."