Macho Yaliyotazamana

Reino, leo nimepanda ngazi uliyonikataza kuipanda,
kipago cha tatu bado kinalia,
nikayakuta palepale ulipoyaacha, juu ya mota,
yamefungwa kwa tepu nyeusi, uso kwa uso,
macho mawili ya mlango wa gereji
yakitazamana kwa miaka kumi na minane
kwa umbali wa kiganja,
yakiuambia mlango: njia nyeupe, shuka tu.

Watu husema macho hayana pazia.
Haya yalikuwa nalo. Kila moja lilikuwa pazia la mwenzake.

Na mlango ukaamini.
Ukashukia baiskeli ya Tuomas, gurudumu likapinda kama chapati.
Ukashukia pipa la taka.
Siku moja ukatua vidole vitatu nyuma ya kisigino changu,
trei ya mayai mkononi,
nawe ukasema, "Si umepita?"

Nimepita, ndiyo.

Naukumbuka usiku ule. Januari, Duluth, baridi ya kupasua mawe,
zamu yako kiwandani inaanza saa nne,
na mlango unashuka nusu, unagoma, unapanda,
unashuka nusu, unagoma, unapanda,
taa inapepesa kama mtu anayetafuta neno.
Uliyafuta barafu. Uliyapulizia. Uliyatukana kwa Kifini,
lugha uliyoiweka akiba kwa mama yako na kwa mitambo.
Kisha ukayang'oa ukutani.
"Yasiyojua kazi yake, basi yaonane yenyewe."
Nilicheka, Mungu anisamehe.
Mimi ndiye niliyekushikia tochi.

Wiki iliyopita Tuomas kamleta Aili. Miezi kumi,
anatambaa kama mwenye kudaiwa.
Nilikuwa mlango wa jikoni, nepi begani,
nikaiona kofia yake nyekundu kule mbele,
pale saruji inapobadilika rangi,
anaokota jani.
Mlango ulikuwa umetulia juu. Hakuna aliyebonyeza kitu.
Sitakuambia zaidi ya hapo: hakuna aliyebonyeza kitu.
Ila mkono wangu ulikuwa ukutani, Reino,
kwenye kitufe,
kwa mazoea.

Basi nimenunua vihisi vipya, dola thelathini na tisa,
kwa kijana wa dukani aliyeuliza kama mume wangu atavifunga.
Nikamwambia mume wangu ndiye aliyeving'oa.

Inchi sita kutoka sakafuni, si zaidi, karatasi inasema,
maana paka na mtoto hawaji na kimo kingine.
Waya nyeupe kwa nyeupe, yenye mstari kwa yenye mstari,
na kila skrubu magoti yakinitajia mwaka niliozaliwa.
Hiki kinatuma, kile kinapokea. Taa ya manjano ikawaka mara moja.
Ya kijani ikakataa.
Nikasogeza kushoto. Ikakataa.
Nikakiinamisha kwa upana wa kucha:
ikawaka, ikazima, ikawaka,
ikakaa.

Nikabonyeza. Mlango ulipofika kifuani
nikabingirisha roli la karatasi za jikoni chini yake.
Ukasita, ukakumbuka jambo, ukarudi juu.
Nikarudia kwa ufagio.
Nikarudia kwa buti lako la kushoto.
Delphine wa ng'ambo ya barabara akatoka na kikombe chake
kuuliza kama mlango umerukwa na akili.
Nikamwambia ndiyo kwanza umezipata.

Halafu saa kumi jua likazunguka nyumba ya akina Okerlund
likapenya moja kwa moja kwenye jicho lile la kijani,
na mlango ukagoma.
Kwa hilo hukukosea. Ulisema jua linalipofusha, nami sikusikiliza.

Nikachukua bomba la boksi lililobaki katikati ya roli,
nikalikata kidole kimoja,
nikalivika jicho kama kofia.
Mlango ukashuka hadi chini.

Hilo tu, Reino.
Kipande cha boksi, na mkasi.