Matundu Sita

Julai, Lubumbashi hugonga meno.
Wasioijua hudhani Kongo nzima ni jua na jasho.
Waje walale Kamalondo usiku mmoja tu,
ndani ya matofali yaliyochomwa kabla sijazaliwa,
waone vidole vyao vikigeuka vya mtu mwingine.

Ndiyo maana niliingiza mbabula ndani.
Makala yalikuwa yamekolea, mekundu, hayatoi moshi,
nasi tuliamini kisicho na moshi hakina neno.
Nikafunga mlango, nikasukuma gunia chini yake,
nikawaambia watoto: haya, tulale kama mikate.

Usiku wa manane Numbi akaniita kwa sauti ya mlevi.
Kichwa, mama.
Nikasimama, na ukuta ukasimama nami, ukainama.
Sijui mlangoni nilifikaje.
Nakumbuka kitasa baridi.
Nakumbuka nimemshika Numbi mguu badala ya mkono,
na Kapend nyuma yangu anamkokota mdogo ndani ya blanketi,
halafu ua, nyota, mbwa wa jirani anatubwekea sisi wenyeji,
na hewa.
Sikuwahi kujua kwamba hewa ina ladha.
Ina ladha ya bati lenye umande.

Kulipokucha akaja fundi Musau, hakuuliza mengi.
Alisimama katikati ya sebule, akainua kidevu
hadi pale ukuta unapokutana na dari.
"Nyumba hii ilijengwa na pua sita," akasema.
"Nani alizibana?"

Miaka kumi na minne naishi humo.
Nilidhani ni mapambo.

Tukaazima ngazi kwa mama Mujinga.
Tundu la kwanza lilitema vumbi jekundu, bakuli zima,
vumbi la malori ya madini, laini kama unga wa bukari.
La pili, kiota cha nyigu, kikavu, chepesi mno mkononi.
La tatu sitalisema. Nilimpa Musau koleo, nikageuka.
La nne lilikuwa masizi yangu mwenyewe,
kila jioni ya mvua niliyopikia ndani
ilikuwa imekaa humo ikinisubiri.

La tano lilikataa.
Musau alivuta, akatia mguu ukutani, akavuta,
ikatoka suruali ya kazi, ya bluu,
imekunjwa kwa nguvu kama ngumi,
na ya sita ikafuata, koti lake.

Kapend akakaa chini, palepale penye vumbi.
"Ya baba," akasema.

Alikuwa na miaka tisa. Upepo ukigeuka
ukatoka upande wa bomba la kiwanda,
ule mwaka waliowarudisha wazee nyumbani bila mshahara,
hewa iliuma macho, ilikwaruza koo kama kiberiti.
Usiku baba yake alipanda juu ya kiti
akaziba matundu kwa nguo ambazo hakuwa na kazi ya kuzivalia.
Alikohoa huku akiziba. Akashuka, akasema:
sasa watoto watalala.

Na walilala.

Nami ningemlaumu vipi mzee yule,
mimi niliyesukuma gunia chini ya mlango?

Nilizifua. Maji ya kwanza meusi, ya pili meusi,
ya tatu rangi ya chai iliyosahaulika.
Nikazianika uani, na upepo ukaingia miguuni mwa suruali,
ukaijaza hadi magotini, ukaiacha.
Kapend alipita mara mbili bila kuitazama.
Mara ya tatu akainyoosha kola ya koti.

Musau ametia wavu mwembamba kwenye matundu,
dhidi ya nyigu, dhidi ya lile sitalisema.
Vumbi bado linaingia. Kila asubuhi nafuta meza kwa kitambaa chenye maji,
kila asubuhi kitambaa kinanionyesha mji.
Mbabula inalala nje, imejifunika sufuria.

Na baridi inaingia pia, kutoka pande sita.
Blanketi ni nne, sisi ni watano.
Jana usiku Numbi alinivuta sikio gizani:
mama, baridi, mama, miguu yangu, mama,
akanung'unika, akageuka, akaanza upya,
nami sikumnyamazisha.
Nililala macho wazi nikimsikiliza
neno kwa neno.