Gari la Mteremko

Nilisema nikipata milioni tatu sinunui kiwanja.
Kiwanja hakinifikishi zahanati ya Isyonje saa kumi na mbili asubuhi,
Julai, sakitu imelala juu ya majani ya viazi
na mimi nyuma ya bodaboda,
glavu za wodini mbili mbili, na bado vidole si vyangu.

Hela ilitoka kwenye mchezo wa akina mama wa Uyole.
Nyingine ilikuwa ndama. Jike. Usiniulize.

Fundi Gwamaka alinionya: rahisi ghali, dada,
utauziwa mbuzi kwenye gunia.
Akaja bila kuombwa, spana moja mfukoni,
kama padri anayekwenda kumwona mgonjwa.

Igawilo, nyuma ya mashine ya kukoboa:
Korola, namba A,
nyeupe ile ya meno ya mvuta sigara.
Baba Lusekelo alikuwa ameliosha hadi uvunguni.
"Injini haijafunguliwa," akasema.
"Kanisani na sokoni, basi."
Kila gari kuukuu la Mbeya lilikuwa la kanisani na sokoni;
sijui nani alibeba mbolea yote ile.

Gwamaka akaingia chini, miguu ikabaki nje.
Akagonga. Akanusa. Akapitisha kidole kwenye ekzosi
akakitazama kama anayesoma barua ya mkwewe.
Bushi zimekwisha. Shokapu ya kushoto inalia.
Tairi moja kipara.
Chini ya kiti nikaokota kibanio cha nywele, punje za maharage,
na risiti ya mwaka ambao mama yangu alikuwa hai.

Baba Lusekelo akaachia breki. Likateremka kidogo,
likakohoa, likaitika.
Tukaenda hadi njia panda, tukageuza.
Hita ilipopuliza magotini nikajua nimekwisha,
nikakunja uso ili bei isinione.

Ni kwenye kuegesha ndipo nilipoona.
Uwanja wake mpana, tambarare, kuku wanatembea watakavyo,
naye akaupita wote,
akalipandisha kwenye kilima cha pembeni, akaligeuza,
pua ikatazama bondeni,
akaweka jiwe mbele ya tairi.
Jiwe lilikuwa laini, limeshikwashikwa. Jiwe lenye ajira.

"Baba Lusekelo," nikasema, "liwashe hapa kwa kuku."

Akavua kofia. Akamtazama Gwamaka.
Gwamaka akatazama spana.
Ndani, mkewe akaacha kupeta mchele.
"Stata," akasema mwishowe, "ilikufa mwaka juzi.
Sikudanganya. Hukuuliza."

Zikashuka laki nne. Tukaandikiana kwenye karatasi ya daftari,
Gwamaka shahidi, na dole gumba la mama wa mchele.
Nilipofika nyumbani nikafungua buti:
jiwe lilikuwamo, limefungwa kwenye gazeti.

Mwezi ujao nanunua stata.
Nimesema hivyo Krismasi mbili.
Hadi leo naijua nchi hii kwa mgongo wake:
zahanati, mteremko mzuri, chini ya mikalitusi;
kanisani, nusu mteremko, unataka vijana wawili wa kwaya;
Mwanjelwa, usijaribu siku ya mvua;
benki ni tambarare, kwa hiyo sikopi.
Na dada yangu Tusajigwe kaolewa Igurusi,
kule Usangu kulikonyooka kama meza.
Nakunywa chai yake nimesimama, injini inanguruma mlangoni,
ananiambia nimekuwa na haraka za kizungu.

Machi, usiku, mvua ya kuchapa,
mjamzito amelala kiti cha nyuma, mama mkwe kashika tochi,
njia ya kwenda Igawilo matope matupu.
Nikalisukuma jiwe kwa mguu, nikaruka ndani.
Kuna pahali pale, kati ya jiwe na gia,
ambapo hakuna gari. Kuna uzito tu,
na giza, na ardhi inayoshuka.
"Nesi," mama mkwe akauliza, "mbona huwashi?"
Mkono kwenye gia, nahesabu mashimo.
"Subiri," nikamwambia. "Bado kidogo."