Amepunguza

Kiwango cha chini, ilisema kamati, ni laki moja.
Laki ni singo. Laki na nusu, dabo.
Chini ya hapo, "tunashukuru kwa moyo wako",
na moyo, mjuavyo, hauonyeshwi mlangoni.

Nilituma elfu arobaini, na ya kutolea juu yake.
Kwenye orodha nikatokea mwisho,
chini ya fundi pikipiki:
*Mama wa chakula, Msewe. 40,000. Amepunguza.*
Jina langu ni Zuwena.

Anicet alikula kwangu mihula sita,
na mmoja wa kurudia.
Daftari la bluu, ukurasa wake na wa nyuma yake.
Wali maharage. Jumapili, mfupa:
ataugonga mezani, ataunyonya mpaka upige mluzi,
"Mama Zuwe, uboho ndiyo bumu letu."

Kadi haikuja. Sikununa.
(Nilinuna siku mbili.)
Ijumaa akapiga Madamu wa keteringi:
kesho Mbezi, vyombo, elfu ishirini na nauli.
Sikuuliza harusi ya nani.
Muosha vyombo huuliza sabuni iko wapi.

Hivyo nikaingia ukumbini, bila singo, bila dabo,
kwa mlango wa nyuma, kando ya jenereta.
Emsii alipolitaja jina lake
nilisimama na sponji, povu likinitiririka kiwikoni.

Sahani zina ukoo wake.
Za meza za nyuma hurudi zimelambwa.
Za katikati hubakiza wali, kijiko kimoja, cha heshima.
Za meza kuu hurudi na minofu mizima,
uma umechungulia tu ukaondoka,
maana kule juu watu huonja;
anayeshiba amejitangaza kwao ni wapi.
Wenzangu wakaifunga minofu kwenye mifuko.
Nami nikafunga wangu, kwa nini nidanganye?

Kisha ikaja moja, ukingo wa dhahabu,
na chini ya kitambaa cha karatasi,
umefichwa kama mtoto wa nje,
mfupa.
Mweupe. Umegongwa. Tundu linapitisha hewa.

"We mama, umekwama?"
Maji yamepoa, nikasema.

Sahani ile niliiosha mwisho.
Usiku, Msewe, nikafungua daftari la bluu.
Bado anadaiwa elfu sita na mia tano.
Nikatafuta penseli ya mjukuu,
nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo:
*amepunguza.*