Kusoma Tu

Kisanduku kinakaa juu ya kabati la vikombe,
ghorofa ya tatu, Ngara,
diski nne, taa nne za kijani, na feni
inayokoroma kama mlinzi wa zamu ya usiku.
Kampuni nzima imo humo:
ramani za viwanja vya Kitengela, mishahara,
barua za mawakili, hata picha za Naivasha
siku Khavere alipomburura mkurugenzi kwa kamba
na tope likamfika masikioni.

Mimi ndiye ninayesema nani aingie wapi.
Wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Kisu ninacho. Folda ya mishahara
nilijinyima mwenyewe, kwa mkono wangu,
nisije nikajua Muthengi ananizidi kwa ngapi.

Ijumaa, saa tisa na dakika arubaini,
ujumbe wa mkurugenzi, maneno manne:
Muthengi mtoe. Saa kumi.

Muthengi yuko ng'ambo ya ubao huu,
anapiga mluzi, anachora mpaka wa shamba la mjane
analolimega jirani hatua mbili kila msimu.
Asubuhi tuligawana andazi,
akanipa nusu iliyo kubwa.

Nafungua orodha ya watumiaji.
Shuleni alama hii tuliiita vyema:
mwalimu akikuwekea, unakimbia nayo nyumbani.
Namwondolea vyema ya Ramani.
Namwondolea vyema ya Wateja.
Kwenye Hesabu hakuwahi kuwa nayo.
Bado anapenya, kupitia kundi la Wapimaji,
basi namwekea zuio kwa jina lake mwenyewe,
maana kwenye kisanduku hiki kunyimwa mara moja
hushinda kupewa mara kumi.
Sijui mashine iliyasomea wapi haya.

Nabonyeza Hifadhi.

Mluzi haukomi.
Nilikuwa nimesahau: aliyekwisha kuingia
hatolewi na kufuli jipya. Mlango umefungwa
naye yumo ndani, faili wazi mbele yake,
anachora, anachora,
kama mtu anayepanga viti
katika nyumba iliyouzwa jana.
Ningeweza kumkatia. Kitufe kipo.
Nikaenda kuosha kikombe kilichokuwa safi.

Saa kumi kasoro tano akagonga ubao.
"Moraa, hebu njoo. Kisanduku chako
kinasema sina ruhusa. Kimenisahau?"
Nikasema ni mtandao.
Nikasema tena, ni mtandao tu,
na simu ya mezani kwake ikaanza kulia.

Jioni, wote walipokwisha kushuka ngazi,
niliufungua mpaka wa mjane.
Umekamilika, kila kigingi na namba yake,
umehifadhiwa saa tisa na dakika hamsini na mbili.

Akaunti yake sikuifuta.
Niliambiwa nimtoe, sikuambiwa nimfute.
Na folda ya Naivasha nikamrudishia vyema moja,
ya kusoma tu:
asiongeze, asipunguze, asibadili jina la picha,
atazame tu lile tope, na Khavere akicheka.

Hawezi kuifikia, najua.
Kwake ni Mlolongo, na kisanduku hiki
hakijulikani nje ya kuta hizi nne.
Vyema imekaa tu pale, haimwoni mtu.

Jumatatu nitaiondoa.
Nilisema hivyo pia
Jumatatu iliyopita.